Jengo la babu kwenye barabara kuu ya Chunya: ni la Mjerumani kweli, na tulifanyeje?

*"Shikamoo mzee. Babu alituachia jengo la duka hapa Chunya mjini, linatazama barabara kuu. Ukuta ni wa tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, bati lina kutu, mbele kuna baraza lenye nguzo za mbao na nyuma kuna uwanja mrefu. Watu wazima wa mtaa wanasema lilijengwa na Mjerumani mwaka 1905. Ndugu zangu wawili wamemleta mtu mwenye mashine ya kupima madini, kasema chini ya sakafu kuna mali ya Mjerumani na anataka tuchimbe. Kaka mkubwa anataka libomolewe tujenge fremu sita. Mimi naumia kuona historia inapotea, lakini ukuta una unyevu na nyufa, na lipu ya saruji tuliyopiga mwaka juzi inabanduka. Tufanye nini?"*

Marahaba, mwanangu. Una maswali matatu yaliyofungwa pamoja: nani alijenga, chini ya sakafu kuna nini, na jengo mlifanyeje. Naanza na la mjenzi, kwa sababu mkishajua jengo ni la lini, habari ya mali ya Mjerumani itajijibu yenyewe kwa sehemu kubwa, na ugomvi wako na kaka utapata pa kusimamia.

Mwaka 1905 haukai. Utawala wa Kijerumani katika nyanda zetu ulikuwa na maboma yake Iringa na Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotokea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ndizo Malawi na Zambia za leo, yaliingia Tukuyu, na Agosti mwaka huohuo yakaingia Iringa. Mji wa Mbeya haukuwepo bado; ulianza mwaka 1927, na ulianza kwa kuwa machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko kwenu Chunya, yalihitaji mji wa kuyahudumia. Dhahabu iliyowashughulisha Wajerumani ilikuwa ya Sekenke, kule Iramba, na hiyo ndiyo waliyopigia sarafu za rupia 15 pale Tabora mwaka 1916 vita vilipowabana. Rashi ya Lupa, yaani watu kukimbilia dhahabu yake, ni ya zama za Mwingereza. Ilianza miaka ya 1920, ikapamba moto miaka ya 1930, na barabara kuu ya Chunya ni tunda la miaka hiyo.

Msiwadharau wazee waliowaambia 1905. Kosa liko kwenye swali. Ukimuuliza mtu "lilijengwa mwaka gani?" atakupa mwaka wowote unaosikika wa zamani. Muulize hivi: je, lilikuwepo wakati wa Vita ya Hitla? Mgodi wa dhahabu wa Saza ulipofungwa, nani alikuwa anauza hapa? Uhuru ulipokuja duka lilikuwa la nani? Babu alilinunua kabla ya Azimio la Arusha au baada? Majibu ya namna hiyo yanashikika, na wazee watatu waliohojiwa kila mmoja peke yake wakikubaliana juu ya tukio moja, hapo mmepata ushahidi wa kufanyia kazi.

Sasa nikueleze barabara yenyewe ilivyotokea, maana ndani yake mna sababu ya jengo lenu kuwa na umbo lile.

Dhahabu ya Lupa iliyovuta watu kwanza ilikuwa ya mtoni. Miamba yenye mishipa ya mawe meupe ilimomonyoka kwa muda mrefu sana, mvua ikasomba mchanga na kokoto, na dhahabu, ambayo ni nzito zaidi ya mara saba kuliko jiwe linaloibeba, ikabaki nyuma kwenye vipinda vya vijito na juu ya mwamba wa chini. Dhahabu kama hiyo haihitaji mtaji mkubwa. Sepetu, karai, maji na mikono vinatosha. Ndiyo maana dunia ilipoingia kwenye mdororo wa uchumi na bei za mkonge na kahawa zikaanguka, walowezi waliofilisika, mafundi wasio na kazi na vijana wa vijijini wote walielekea Lupa. Septemba 1931 Uingereza ikaacha kuifunga pauni kwenye dhahabu, na Januari 1934 Marekani ikapandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa wakia. Bidhaa nyingine zote zilikuwa zinashuka, hii peke yake inapanda.

Lakini mchimbaji wa mtoni hajengi mji. Leo yuko kijito hiki, mwezi ujao amehamia kingine, na kiangazi vijito vikikauka anasimama kabisa. Anayejenga mji ni anayemlisha. Unga, chumvi, mafuta ya taa, sepetu, sufuria, blanketi, nguo: vyote vilipaswa kufika. Mizigo ilikuja kwa Reli ya Kati, ikapakiwa kwenye malori, ikafuata barabara ya Dodoma, Iringa hadi Mbeya. Kutoka Mbeya palibaki kupanda ile safu ya mlima na kuteremka upande wa pili mpaka Chunya. Leo ni kilomita 72 za lami kupitia Lwanjilo. Wakati ule ilikuwa ni udongo na utelezi. Vyakula vilipanda kutoka Rungwe na Usafwa, na mchele wa bondeni Kyela ulipata soko lake la kwanza kubwa hukohuko machimboni. Wafanyakazi nao walitoka hukohuko: Wanyakyusa, Wasafwa, Wanyiha, Wabena na wengine wengi.

Mwenye duka alihitaji mahali pasipohama: penye njia ya lori, maji ya mwaka mzima, na ofisi ya serikali karibu kwa ajili ya leseni na kesi. Pale ndipo barabara kuu ikakaa. Wengi wa wenye maduka walikuwa Wahindi, na biashara yao ilisimama juu ya mkopo. Mchimbaji anachukua bidhaa leo na kulipa akipata. Duka kwa hiyo lilikuwa ghala, benki na kituo cha habari kwa wakati mmoja. Tazama jengo lenu kwa jicho hilo. Baraza pana la mbele si pambo. Pale watu walisubiri zamu, mzigo ulishushwa usinyeshewe, na cherehani ya fundi nguo ilikaa. Chumba cha mbele ni cha kuuzia, cha kati ni stoo isiyo na dirisha kubwa, cha nyuma ni cha familia. Ule uwanja mrefu ni wa lori, kuni, jiko na choo. Kiwanja kilipimwa chembamba mbele na kirefu nyuma kwa sababu kila mfanyabiashara alitaka kipande cha barabara, na mbele hapakuwatosha wote.

Kwa nini baadaye barabara ikapoa? Mtasikia watu wakisema dhahabu iliisha. Haikuisha, na ninyi wa Chunya mnaiona kila siku. Kilichotokea ni kwamba dhahabu rahisi ya juu ilipungua na ikabaki ya mwambani, inayotaka mashine, baruti na mtaji. Vita vya pili vikachukua watu na vipuri. Kisha bei ikabaki imefungwa kwenye dola 35 kwa miaka mingi huku mshahara, mafuta na vyuma vikipanda. Mgodi wa Saza ulijikongoja hadi 1956 ukafungwa. Wilaya ikageukia tumbaku, na maduka yaliyobaki yakaishi kwa mkulima wa tumbaku na mtumishi wa serikali.

Mwaka 1971 kuna jambo linalowahusu moja kwa moja. Serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi ambayo mwenyewe hakuwa anayatumia yote, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Maduka mengi ya miji midogo hayakufikia thamani hiyo, lakini wenyewe waliogopa na wengi wakauza kwa bei ya kuondokea. Muulizeni mama au shangazi babu alinunua lini, kwa nani, na kwa karatasi gani. Kama jengo liliwahi kupita kwa Msajili, ni lazima kuwe na maandishi ya namna lilivyotoka.

Uhai wa sasa mnaujua: bei ya dhahabu kuachiwa huru baada ya 1971, Benki Kuu kuanza kununua kwa wachimbaji wadogo mwanzoni mwa miaka ya 1990, lami kushuka mlima, na soko la madini la Chunya kufunguliwa mwaka 2019. Hilo la mwisho lilibadili barabara kuliko watu wanavyodhani. Dhahabu iliyokuwa ikinunuliwa chumba cha nyuma cha duka hili na lile ikatakiwa kupita sehemu moja, ikapimwa na kulipiwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1.

Turudi kwenye ukuta wenu. Umri wa jengo mnaweza kuusogelea kwa futikamba. Chagueni sehemu ambayo lipu imebanduka, pimeni tofali kumi urefu, upana na kimo, tafuteni wastani. Tofali la kipimo cha Kijerumani lilikuwa sentimita 25 kwa 12 kwa 6.5. La Kiingereza lilikuwa inchi 9 kwa 4½ kwa 3, yaani karibu sentimita 23 kwa 11.5 kwa 7.5. Tofali za kienyeji hunywea kwenye tanuru, kwa hiyo msitegemee usawa kamili, ila wastani utaegemea upande mmoja. Kisha pimeni milango, upana wa vyumba na unene wa mbao za kenchi. Kama namba zinaangukia futi na inchi kamili, aliyechora alikuwa anafikiri kwa futi.

Pandeni mtazame bati kwa chini, upande ambao jua halijafuta rangi. Bati nyingi za zamani zilipigwa mhuri wa kiwanda na geji, yaani namba ya unene (namba ikiwa ndogo, bati ni nene). Bati la geji 24 au 26 lililo zito kuliko haya ya geji 30 tunayonunua leo huwa ni la zamani. Mhuri wa ALAF maana yake ni baada ya 1960. Ila bati hubadilishwa, kwa hiyo linakupa umri wa paa tu. Vivyo hivyo madirisha ya vioo vya kupangana ni ya baadaye, na jamvi la saruji chini huenda limemwagwa juu ya sakafu ya udongo au tofali. Saruji ya nchini ilianza kutoka Wazo Hill mwaka 1966. Kabla ya hapo ilikuja kwa meli, na kuifikisha Chunya kulikuwa ghali. Ndiyo maana ukuta wa tofali za kuchoma uliunganishwa kwa udongo. Huo haukuwa ujinga wa fundi, na nitaeleza hapo chini kwa nini ndio umeliokoa jengo.

Upande wa karatasi, anzeni na hati au barua ya toleo, mkitazama tarehe ya kuanza na idadi ya miaka. Umiliki wa enzi hizo ulikuwa wa muda, mara nyingi miaka 33 au 99, na kipindi cha miaka 33 kilichoanza 1938 kiliisha 1971. Namba ya hati yenye herufi MBYLR iko kwa Msajili wa Hati Mbeya. Ya zamani zaidi huenda ikabidi itafutwe Dar es Salaam. Pale Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ombeni kitabu cha wilaya ya Chunya na majalada ya mkoa wa zamani wa Nyanda za Juu Kusini. Jiolojia nako msikusahau: ofisi ya utafiti wa madini iko Dodoma tangu 1925, na ramani zake za zamani za Lupa zinaonyesha njia, kambi na mashimo. Hiyo ya mashimo iangalieni kwa makini kwa usalama wenu pia.

Sasa huyo bwana wa mashine. Mwambieni asante, na msichimbe.

Wajerumani waliondoka 1916 wakikimbia kutoka Tukuyu na Iringa, na mji wa Chunya ulikuja baada yao. Hakuna aliyepita pale kuzika sanduku chini ya sakafu ambayo haijajengwa. Na mwenye duka wa miaka ya 1930 hakuwa na sababu ya kufukia dhahabu, kwa kuwa alikuwa anadaiwa na msambazaji wake Mbeya au Dar na kila gramu ilikuwa inalipa deni. Kinacholia kwenye mashine ni kitu kingine. Mashine ile hutuma nguvu ya sumaku ardhini na kusikiliza metali yoyote inayoirudisha: misumari, kopo, kipande cha bati, hata udongo wenyewe mwekundu wenye chuma kingi, ambao hapa kwetu umejaa. Mlio hautofautishi dhahabu na mkebe wa samaki.

Hasara ya kuchimba, hiyo ina uhakika. Majengo ya aina hiyo husimama juu ya msingi wa mawe ambao mara nyingi haufiki hata sentimita 60. Ukichimba shimo la mita mbili pembeni mwa ukuta, udongo unaobeba msingi unatiririka kuingia shimoni, na ukuta unafuata, pengine usiku watu wamelala ndani. Kwa kila mita unayoshuka chini ya kina cha msingi, ulipaswa kuwa angalau mita moja mbali na ukuta. Ndani ya chumba cha mita tatu nafasi hiyo haipo. Sheria nayo iko wazi: hati ya kiwanja haikupi madini yaliyo chini yake, kuchimba madini kunataka leseni ya madini, na kufukua malikale kunataka kibali cha mambo ya kale. Huyo bwana akiomba "gharama za maandalizi", mjue alichokuja kukichimba ni mfuko wenu.

Kuna kitu kimoja cha chini ya sakafu ambacho nataka mkitilie maanani zaidi ya hazina. Kama chumba cha nyuma kiliwahi kununuliwa dhahabu au kuchomewa, huenda kina zebaki. Mchimbaji anachanganya zebaki na mchanga uliochekechwa, zebaki inashika dhahabu, kisha donge linachomwa. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, inapaa kama mvuke usioonekana, na ikigusa ukuta baridi, dari au vumbi la sakafuni inarudi kuwa matone na kukaa hapo miaka. Ukiona vishanga vya rangi ya fedha kwenye nyufa za sakafu, usifagie na usitumie mashine ya kunyonya vumbi, maana utairusha hewani. Fungeni chumba, watoto na wajawazito wasiingie, na mwiteni afisa afya wa halmashauri. Kama hakuna anayekumbuka chumba kilitumikaje, ulizeni kwanza kabla ya kubomoa sakafu au kukwangua kuta.

Haya, unyevu na lipu. Hapa niwe mkweli: lipu ile ya saruji ndiyo inayowaumiza. Ukuta wa tofali za kuchoma na udongo hunywa maji kidogo kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huyatoa kwa kupumua. Ukiupiga saruji ngumu ni kama kumvika mtu koti la mpira akiwa anatoka jasho. Maji yanabaki ndani, udongo kati ya matofali unalainika, chumvi nyeupe inajitokeza, na saruji, isiyokubali kunepa hata kidogo, inapasuka na kubanduka ikiondoka na uso wa tofali. Gongeni lipu kwa mpini wa nyundo kuanzia chini hadi kimo cha kiuno. Panapotoa mlio wa utupu pameshaachana.

Lakini msikimbilie lipu kabla ya kujua maji yanatoka wapi. Simameni nje mvua ikinyesha. Katika miji mingi iliyopata lami, barabara imeinuliwa, na baraza ambalo zamani lilikuwa juu ya njia sasa liko sawa nayo au chini yake, kwa hiyo maji ya barabarani yanaingia dukani. Nyuma nako udongo umejaa ukafunika miguu ya ukuta. Shusheni ardhi ya nyuma mpaka iwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu, ielekezeni mbali na ukuta kwa mteremko wa sentimita 2 kila mita, chimbeni mfereji mita moja kutoka ukutani, na hakikisheni bati linatokeza nje ya ukuta vya kutosha au lina mfereji wake. Nguzo za mbao za baraza zitobolewe kwa bisibisi sehemu ya chini. Ikizama kwa urahisi mchwa wamemaliza. Hapo fundi seremala hukata kipande kilichooza na kuunga kipya, juu ya kiti cha jiwe au zege ili mbao isiguse ardhi. Hakuna haja ya kutupa nguzo nzima.

Baada ya hapo ondoeni lipu iliyoachana, taratibu, kwa patasi na si kwa sururu, na muache ukuta ukauke kiangazi kizima, Juni hadi Oktoba. Udongo uliolegea kati ya matofali ukwanguliwe kina cha sentimita 2, ulowanishwe, na ujazwe kwa chokaa na mchanga. Lipu iwe ya chokaa 1 kwa mchanga wa mtoni 3, chokaa kikiwa kimelowekwa angalau siku nzima. Tabaka la kwanza lisizidi sentimita 1. Likishashika baada ya siku kadhaa pigeni la pili jembamba. Fundi atawaambia muongeze saruji "kidogo ishike haraka". Mkatalieni. Kazi ya chokaa inaharibiwa na haraka: ikikauka kwa jua kali siku ya kwanza inakuwa unga, kwa hiyo inyunyizieni maji asubuhi na jioni kwa siku nne au tano na kuikinga kwa viroba vilivyolowa. Rangi ya mafuta nayo hapana, inaziba pumzi ileile mliyoirudisha.

Tunafika kwa kaka mkubwa, na ana hoja ya kweli. Fremu sita zinaingiza kodi kila mwezi, na historia hailipi ada za shule. Ila kabla ya kubomoa apige hesabu yote. Jengo lililopo limesimama pale lilipo kwa sababu lilitangulia. Likishuka, jipya litaombewa kibali kwa masharti ya leo. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na ingawa mjini vipimo hutofautiana, mnaweza kujikuta mmerudishwa nyuma na kupoteza uso wa mbele ambao ndio unaouza. Kama kuna alama ya X ukutani, ulizeni rangi yake ilimaanisha nini: nyekundu kwa kawaida ni aliyejenga ndani ya hifadhi bila haki ya fidia, kijani ni aliyefikiwa na upanuzi na anayestahili fidia. Ukibomoa mwenyewe, utadai fidia ya nini?

Ningekuwa mimi ningechagua njia ya kati: mbele pakarabatiwe na kukodishwa kama duka moja au mawili yenye baraza, na fremu zijengwe kwenye ule uwanja mrefu wa nyuma kwa kuingilia ubavuni. Mnapata kodi, na sehemu yenye thamani ya barabara inabaki. Ubaya wake nausema pia: fremu za nyuma hukodishwa kwa bei ndogo, na itabidi kufikiria choo, moto na njia ya maji. Kama kiwanja hakina nafasi ya kupitia ubavuni, mpango huu haufai.

Msitegemee sana serikali kuwazuia au kuwasaidia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863. La miaka ya 1930 linahitaji kutangazwa na waziri. Mnaweza kuandika barua kupitia afisa utamaduni wa wilaya, mkiambatisha vipimo, picha na ushuhuda wa wazee. Iringa boma la Wajerumani la 1914 ni makumbusho leo, kwa hiyo mambo haya hufanyika nyumbani kwetu. Hata mkiishia kubomoa, pigeni picha kila upande, kila mlango, kenchi kwa ndani na mhuri wa bati, na mchore ramani ya vyumba yenye vipimo. Kazi hiyo ni ya siku moja na jengo likishashuka haifanyiki tena.

Kuna mahali ushauri wa maandishi unafikia mwisho. Pigeni alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za kila ufa. Ukirefuka, ukizidi milimita 5, au timazi ikionyesha ukuta umeinama zaidi ya sentimita 2 kwa kimo cha mita tatu, mwiteni mhandisi wa halmashauri aje auone, na chumba hicho kisilalwe. Dari likiwa la bodi ngumu za kijivu zilizopakwa rangi, huenda ni asbesto. Msikate wala kuvunja kabla mtu wa afya na mazingira hajaangalia, maana vumbi lake linaua mapafu polepole. Ardhi ikibonyea au kutoa sauti ya utupu uwanjani, nendeni ofisi ya madini mkaulize kama kuna shimo la zamani.

Na kabla ya fundi yeyote kulipwa, nendeni Mahakama ya Mwanzo mkathibitishe msimamizi wa mirathi kama hilo halijafanyika. Hapo ndipo mkataba wa kukarabati, kibali cha ujenzi au mauzo vitakuwa na saini inayotambulika, na ndugu wawili hawataweza kumruhusu mtu wa mashine kuvunja sakafu ya wote.